Jinsi ya kutafuta thamani ya fanksheni: mabano kwanza, namba baadaye

Mwanafunzi anayekosa swali la f(−2) mara nyingi anajua aljebra vizuri tu. Anajua x² ni x mara x, anajua hasi mara hasi ni chanya, na ukimuuliza kwa mdomo anajibu bila kusita. Anachokosea ni kitu kidogo kinachotokea pale namba inapoingia mahali pa herufi: anaichomeka bila mabano, na kuanzia hapo alama za kutoa na vipeo vinavurugana. Mwongozo huu unahusu hasa hatua hiyo moja. Ukiipatia, kinachobaki ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, mambo uliyomaliza shule ya msingi.

Unamfaa mwanafunzi wa sekondari, mzazi anayekaa na mtoto mezani jioni, na mtu mzima aliyekutana na fomula kazini na hataki kuiamini kompyuta kwa kufumba macho. Kalamu na karatasi vinatosha.

f(4) inauliza nini?

Chukua fanksheni hii. Tutakuwa nayo karibu mwongozo mzima:

f(x) = 2x² − 5x + 3

Herufi f ni jina tu. Ile x iliyo ndani ya mabano inakuonyesha ni herufi gani inayongoja namba. Upande wa kulia ni maelekezo: chukua namba uliyopewa, itafutie kipeo cha pili kisha zidisha kwa 2, ondoa mara tano ya namba ileile, ongeza 3. Mtindo huu wa kuandika f na mabano uliletwa na Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, miaka ya 1730, na ndio tunaoutumia mpaka leo.

Kwa hiyo f(4) inauliza: x ikiwa 4, jawabu ni ngapi? Haiulizi f mara 4. Najua inachanganya, maana katika 2(4) mabano yaleyale yanamaanisha kuzidisha. Tazama kilichotangulia mabano. Ikiwa ni jina la fanksheni, kwa kawaida f, g au h, hayo ni maelekezo ya kuingiza namba. Ikiwa ni namba, zidisha.

Herufi iliyochaguliwa haibadilishi kitu. Ukiandika f(t) = 2t² − 5t + 3 fanksheni ni ileile, na f(4) itatoa jawabu lilelile.

Hatua zenyewe

1. Nakili fanksheni yote, lakini kila palipo na x fungua mabano uyaache matupu:

f( ) = 2( )² − 5( ) + 3

Usiruke hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto. Ndiyo inayofanya kazi yote.

2. Jaza namba ndani ya kila mabano, pamoja na alama yake kama ni hasi:

f(4) = 2(4)² − 5(4) + 3

3. Piga hesabu ya vipeo, halafu kuzidisha na kugawanya. Mstari mmoja kwa kila badiliko:

= 2(16) − 5(4) + 3
= 32 − 20 + 3

4. Malizia kwa kujumlisha na kutoa, ukitoka kushoto kwenda kulia:

= 15

Hapo kwenye hatua ya kwanza, mtu mwenye haraka huiondoa x na kuweka 4 palepale, akapata 24² − 54 + 3. Mbili na nne zimeshikana zikawa ishirini na nne, tano na nne zikawa hamsini na nne, na jawabu linatoka 525. Katika 2x hakuna alama ya kuzidisha inayoonekana kwa sababu herufi inatosha kuonyesha kwamba pana kuzidisha. Herufi ikiondoka, alama hiyo isiyoonekana inaondoka nayo. Mabano yanairudisha.

MAGAZIJUTO na yale ambayo haisemi

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaikumbuka MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Inasaidia, ila ina mapengo mawili yanayowaumiza watu wakifika kwenye fanksheni.

La kwanza, haitaji vipeo. Vipeo vinakaa baada ya mabano na kabla ya kugawanya na kuzidisha. Katika 2(4)² unaanza na 4² = 16, kisha unazidisha kwa 2. Aliyezidisha kwanza akapata 8² = 64 ameifanya kipeo kile kiimeze na 2 ya mbele, wakati kilikaa juu ya mabano ya 4 peke yake.

La pili ni baya zaidi kwa sababu linafanana na utii. Ukiifuata neno kwa neno, utajumlisha kabla ya kutoa. Chukua 32 − 20 + 3. Anayejumlisha kwanza anapata 20 + 3 = 23, halafu 32 − 23 = 9. Si sahihi. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na hali kadhalika kugawanya na kuzidisha. Vikikutana, anayetangulia kushoto ndiye anayeanza. 32 − 20 ni 12, ongeza 3, unapata 15.

Kama ningekuwa na mamlaka ningeifundisha kwa mistari minne: mabano, vipeo na vipeuo, kugawanya na kuzidisha pamoja, kujumlisha na kutoa pamoja. Haina mlio mzuri kama MAGAZIJUTO, ila haimpotezi mtu.

Namba hasi

Hapa ndipo alama nyingi zinapopotelea. Tafuta f(−2):

f( ) = 2( )² − 5( ) + 3
f(−2) = 2(−2)² − 5(−2) + 3
= 2(4) − 5(−2) + 3
= 8 + 10 + 3
= 21

Angalia sehemu mbili. (−2)² ni (−2)(−2), yaani 4. Na −5(−2) ni hasi mara hasi, inakuwa +10. Bila mabano sehemu hiyo ya pili ingeandikwa −5 − 2, ambayo ni −7, na kosa hilo halionekani kirahisi kwa macho kwa sababu mstari unaonekana wa kawaida kabisa.

Sasa badilisha kidogo. Chukua g(x) = −x² + 6x na utafute g(−3):

g( ) = −( )² + 6( )
g(−3) = −(−3)² + 6(−3)
= −(9) + (−18)
= −27

Wengi wanaandika +9 pale mbele, wakisema hasi ikiwekewa kipeo cha pili inakuwa chanya. Kanuni wanaijua, wanaitumia mahali si pake. Alama ya kutoa iliyo mbele ya x² haimo ndani ya mabano, kwa hiyo kipeo hakiigusi. Kipeo cha pili kinafanya kazi yake kwa −3 na kutoa 9, ndipo ile alama ya nje inapokuja kuligeuza kuwa −9. Ukiwa umeandika mabano matupu kwanza, unaona kwa macho kilichomo ndani na kilichobaki nje, wala huhitaji kukariri kitu.

Kama fanksheni ingekuwa (−x)² + 6x, mabano yangekuwa (−( ))², alama ingekuwa ndani, na hapo kweli ungepata +9.

Sifuri na moja ni rahisi, tusikae hapo: f(0) = 3, kwa sababu kila chenye x kimekufa, na f(1) = 2 − 5 + 3 = 0. Jawabu la sifuri ni jawabu halali, usilifute ukidhani umekosea.

Sehemu na vipeuo vina mabano yasiyoandikwa

Mstari wa sehemu una mabano mawili ambayo hayachorwi, moja juu na moja chini. h(x) = (x + 5)/(x − 2) inamaanisha maliza juu, maliza chini, ndipo ugawanye:

h(3) = (3 + 5)/(3 − 2) = 8/1 = 8
h(−5) = 0/(−7) = 0
h(2) = 7/0

Hiyo ya mwisho haina thamani. Usiandike 0, wala usiandike 7. Sifuri juu ni sawa, maana ukigawa kitu kisichokuwepo kila mtu anapata sifuri. Sifuri chini haiwezekani, kwa kuwa hakuna namba ambayo ukiizidisha kwa 0 utapata 7. Andika wazi: h(2) haina thamani. Mtahini anataka kuona umelitambua hilo.

Kipeuo cha pili nacho ni hivyohivyo. Kwa k(x) = √(x² + 16), k(3) = √(9 + 16) = √25 = 5. Anayetafuta kipeuo cha kila kimoja peke yake anapata 3 + 4 = 7. Jumlisha kwanza, kipeuo baadaye. Na ukipata namba hasi chini ya kipeuo cha pili, kama unapoweka 7 kwenye √(10 − 2x) na kubaki na √(−4), thamani hiyo haipo miongoni mwa namba halisi.

Mfano wa jikoni unaonyesha gharama ya kuyasahau mabano haya. Mapishi ya keki yanayotoka Marekani hutaja joto la oveni kwa Farenhaiti, na 350 ni namba utakayoikuta mara kwa mara. Kuigeuza kuwa Selsiasi:

C(F) = 5(F − 32)/9
C(350) = 5(350 − 32)/9 = 5(318)/9 = 1590/9 ≈ 177

Nyuzi 177, oveni ya kawaida ya kuokea. Mtu akibonyeza kwenye simu 5 × 350 − 32 ÷ 9 bila mabano, kikokotoo kinamletea karibu 1746. Chuma chenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1538. Kila ukimaliza kuingiza namba, jiulize kama jawabu linaweza kuwepo katika dunia hii. Swali hilo halikuchukui hata nusu dakika.

Fomula yenye herufi mbili haina jipya: kila herufi na mabano yake. Ujazo wa tangi la mcheduara ni V(r, h) = πr²h. Nusu kipenyo kikiwa mita 0.6 na kimo mita 1.2, basi 3.14 × (0.6)² × (1.2) = 3.14 × 0.36 × 1.2 ≈ 1.356, kwa mita za ujazo, yaani takriban lita 1,356. Hatari hapa ni kupima tangi kutoka ukingo hadi ukingo, ukapata kipenyo cha 1.2, kisha ukakiingiza mahali pa r. Kwa kuwa r ina kipeo cha pili, maji yako ya kwenye karatasi yanakuwa mara nne ya yale ya kwenye tangi.

Kuingiza herufi badala ya namba

Swali la f(a + 1) huwatisha watu, na kwa kweli ni hatua zilezile. Mabano yanapokea chochote:

f( ) = 2( )² − 5( ) + 3
f(a + 1) = 2(a + 1)² − 5(a + 1) + 3
= 2(a² + 2a + 1) − 5a − 5 + 3
= 2a² + 4a + 2 − 5a − 2
= 2a² − a

Makosa ya hapa ni mawili: kuandika (a + 1)² = a² + 1 na kusahau 2a ya katikati, na kuizidisha −5 kwa a tu ukaiacha ile 1.

Uzuri ni kwamba unaweza kujisahihisha mwenyewe bila kuona majibu ya nyuma ya kitabu. Chagua a yoyote, mathalani 3. Basi a + 1 ni 4, na f(4) tulishapata 15. Weka 3 kwenye jibu jipya: 2(3)² − (3) = 18 − 3 = 15. Yamekubaliana. Yakikataa, kuna kosa mahali.

Na kwa vile tupo hapo, f(a + 1) si f(a) + f(1). Kwa a = 3, f(3) ni 6 na f(1) ni 0, jumla 6, wakati f(4) ni 15.

Fanksheni yenye matawi: kodi ya mshahara

Kuna fanksheni ambazo maelekezo yake hubadilika kulingana na ukubwa wa namba unayoingiza. Vitabu huzionyesha kwa mifano isiyokuwa na mwili wala damu, ilhali kila mwajiriwa Tanzania Bara anakatwa kwa fanksheni ya namna hiyo kila mwisho wa mwezi. Hivi ndivyo viwango vya PAYE vilivyoanza Julai 2021, x ikiwa ni kipato cha mwezi kinachotozwa kodi, kwa shilingi:

P(x) = 0, ikiwa x haizidi 270,000
P(x) = 0.08(x − 270,000), ikizidi 270,000 hadi 520,000
P(x) = 20,000 + 0.2(x − 520,000), ikizidi 520,000 hadi 760,000
P(x) = 68,000 + 0.25(x − 760,000), ikizidi 760,000 hadi 1,000,000
P(x) = 128,000 + 0.3(x − 1,000,000), ikizidi 1,000,000

Kabla ya kufungua mabano yoyote hapa, chagua mstari. Namba yako inaangukia wapi? Ukishaupata, mistari minne iliyobaki haikuhusu tena. Hufanyi yote na kujumlisha.

P(450,000): iko kati ya 270,000 na 520,000, mstari wa pili.
= 0.08(450,000 − 270,000)
= 0.08(180,000)
= 14,400

P(810,000): mstari wa nne.
= 68,000 + 0.25(810,000 − 760,000)
= 68,000 + 0.25(50,000)
= 68,000 + 12,500
= 80,500

Anayesikia "asilimia 25" akaizidisha na 810,000 yote anapata 202,500 na anaanza kuilaani serikali kwa kosa la mabano yake mwenyewe. Asilimia 25 inagusa kile kilichozidi 760,000 tu. Mabano ya (x − 760,000) ndiyo yanayosema hivyo.

Sasa fanya jaribio ambalo kila fanksheni ya matawi inastahili: ingiza namba ya mpakani kwenye mistari yote miwili inayopakana. Weka 760,000 kwenye mstari wa tatu: 20,000 + 0.2(240,000) = 68,000. Weka hiyohiyo kwenye wa nne, ingawa kisheria si wake: 68,000 + 0.25(0) = 68,000. Zimekutana. Hakuna ngazi ya kuruka pale mpakani.

Hilo linajibu maneno ya ofisini kwamba ukiongezewa mshahara kidogo ukavuka kiwango, utajikuta unabeba nyumbani pungufu ya zamani. Mtu aliyetoka 760,000 kwenda 770,000 anatozwa P(770,000) = 68,000 + 0.25(10,000) = 70,500. Kodi imepanda kwa 2,500, na katika elfu kumi alizoongezewa zimebaki 7,500. Mfukoni ameongeza.

Kuna jambo moja zaidi kwenye mshahara huohuo. Kodi haitozwi kwenye mshahara wote. Mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii hutolewa kwanza. Kwa anayechangia asilimia 10 NSSF, kipato kinachotozwa kodi ni S(m) = m − 0.1m = 0.9m, ambapo m ni mshahara kabla ya makato. Hapo tuna fanksheni ndani ya fanksheni, P(S(m)), na kanuni ni kuanzia ndani kwenda nje:

S(900,000) = 0.9(900,000) = 810,000
P(S(900,000)) = P(810,000) = 80,500

Ukianza na kodi, P(900,000) = 68,000 + 0.25(140,000) = 103,000. Tofauti ya 22,500 kwa mwezi, kwa kosa la mpangilio tu. Kwa hiyo unapokutana na f(g(2)) kwenye mtihani, usishike f kwa sababu umeiona kwanza. Tafuta g(2), upate namba, namba hiyo ndiyo iingie kwenye f.

Jedwali la grafu, na namna ya kulikagua

Mtu anayechora grafu huingiza thamani nyingi mfululizo. Kwa f yetu:

x: −2, −1, 0, 1, 2, 3, 4
f(x): 21, 10, 3, 0, 1, 6, 15

Ukikosea moja, mchoro utakuwa na kibyongo na utapoteza muda kutafuta kilipotoka. Afadhali kagua kabla ya kuchora. Toa kila thamani kutoka kwa inayoifuata: 10 − 21 = −11, kisha −7, −3, 1, 5, 9. Rudia kwa hizo tofauti zenyewe: −7 − (−11) = 4, halafu 4, 4, 4, 4. Fanksheni ya kipeo cha pili, ukipanda moja-moja kwenye x, lazima tofauti hizi za pili ziwe sawa zote, na ziwe mara mbili ya namba iliyo mbele ya x². Kwetu mbele ya x² kuna 2, kwa hiyo 4. Kama ungeandika f(−1) = −1 kwa kusahau mabano ya −5(−1), mfululizo ungevunjika mara moja, na ungejua ukapekue wapi.

Jedwali linasaidia pia kutofautisha maswali mawili yanayofanana. "Tafuta f(4)" unapewa x na kutafuta jawabu. "Tafuta x ikiwa f(x) = 15" unapewa jawabu na kutafuta x, na huko huingizi kitu, unatatua mlinganyo: 2x² − 5x + 3 = 15, yaani 2x² − 5x − 12 = 0, yaani (2x + 3)(x − 4) = 0. Majibu ni 4 na −1.5. Kuingiza namba kunarudi mwishoni kama uthibitisho: f(−1.5) = 2(2.25) + 7.5 + 3 = 15.

Kikokotoo na Excel havisomi kwa namna moja

Kwenye vikokotoo vingi vya kisayansi ukiandika −3² utapata −9, kwa sababu kipeo hutangulia, kama tulivyofanya kwa g. Excel ukiiandikia =-3^2 inakupa 9: yenyewe inaichukulia ile alama ya hasi ya mwanzoni kuwa sehemu ya namba. Google Sheets ni vivyo hivyo. Kwa hiyo g(x) = −x² + 6x ikiandikwa =-A1^2+6*A1, na kwenye A1 kuna −3, utapata 9 − 18 = −9 badala ya −27, na hakuna onyo lolote litakalotokea. Andika =-(A1^2)+6*A1. Alama ya kuzidisha nayo iandike kila mara, 6A1 haitaeleweka.

Jipime

Fanya haya kwa mabano matupu kwanza, kisha teremka kwenye majibu.

a) g(x) = 7 − 3x. Tafuta g(−4).
b) h(x) = x³ − 2x². Tafuta h(−2).
c) k(x) = (3x − 1)/(x + 4). Tafuta k(−3), na useme ni kwa x gani k(x) haina thamani.
d) Kwa f(x) = 2x² − 5x + 3, tafuta f(2a).
e) Tafuta P(1,500,000).

Majibu:

a) 19. Ukipata −5, umeandika 7 − 12. Hasi ya −4 ilianguka njiani.

b) −16. (−2)³ ni −8, na −2(−2)² ni −2(4) = −8. Ukipata 0, huenda kipeo chako cha pili kimetoa −4 badala ya 4. Ukipata 16, juu ya kosa hilo umegeuza na kipeo cha tatu kuwa chanya. Ukizidisha hasi tatu, jibu hubaki hasi.

c) −10, kwa kuwa juu ni −9 − 1 na chini ni −3 + 4. Thamani haipo x ikiwa −4.

d) 8a² − 10a + 3. Ukiwa na 4a² mwanzoni, kipeo kiligusa a kikaiacha 2 iliyo naye ndani ya mabano.

e) 278,000. Ukiwa na 450,000, rudi kwenye mabano ya (x − 1,000,000).